Kahawa Aliyoimwaga Babu

Hounslow, 14 Aprili 2024

Kapteni wangu, Mbichi wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina nimejijibu mwenyewe, maana wewe uko majini huko, nikikungoja ujibu mwezi utaisha. Umetaka tuandikiane kwa karatasi, haya, shangazi yako ameshika kalamu. Na kweli simu yangu haina siri. Kila Jumapili baada ya misa inazunguka mikononi mwa watu mpaka inanirudia na mafuta ya sambusa.

Lakini ile picha! Jamani, Protas! Koti jeupe, mistari ya dhahabu mabegani, bahari nyuma yako. Nilikuwa kazini, niko ndani ya ndege nakusanya takataka za abiria. Simu ikalia, nikatazama, nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha wenye pesa. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, mtoto wa marehemu kaka yangu ni afisa wa meli.

Jumuiya nimewaonyesha wote. Mzee Ambrose, mwenyekiti wetu, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, akasema, "Huyu si mwanafunzi tena, huyu ni kapteni." Nikamwambia Mzee, bado anasoma. Akasema mistari haidanganyi. Basi tangu siku ile ni Kapteni, Kapteni, na mimi ni Mama Kapteni, wala sijamkatalia mtu. Si unajua jumuiya yetu ilivyo? Huyu nesi, huyu mhasibu, yule binti yake anasomea udaktari. Mimi msafisha ndege miaka yote nakaa karibu na mlango, kazi yangu kupokea makoti yao. Jumapili iliyopita wamenisogezea kiti mbele.

Sasa sikia. Mdogo wako Gladness amenitafutia safari za meli yenu, Jumamosi tarehe ishirini na tisa Juni mnatia nanga bandari ya Tilbury. Jumuiya imeamua kukufanyia sherehe hapa nyumbani kwetu, na si sherehe ya pilau na soda. Ni ndafu! Mbuzi mzima, kama kwetu Rombo, asimame mezani na majani mdomoni, na wewe mwenye siku yako ndiye umkate na kutulisha sisi wazee wako. Hemant wa Tooting, yule Mhindi aliyezaliwa Moshi, amesema mkaa na viungo tumwachie yeye. Akanitania, "Mama, majirani wataita zimamoto." Waite tu!

Nina ombi moja. Akina mama wa kamati tunataka sare ya vitambaa vya kichwa vya kijani. Vya hapa nimeviona, vya hovyo. Tununulie huko bandarini, vya kutosha kamati nzima, kijani cha jani la mgomba. Na usinichagulie kama ulivyokuwa ukichagua kahawa ya babu yako, we Mbichi! Nacheka hapa peke yangu.

Shangazi yako,
Eufrasia


Lisboni, 27 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Milele amina, imechelewa lakini imefika.

Barua yako nimeipokea kwa wakala wa bandari. Nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Nashukuru kwa upendo wenu wote. Lakini Shangazi, nakuomba, sherehe iwe ndogo. Chai na maandazi vinatosha. Mimi si kapteni. Kapteni wetu ni mtu mzima mwenye mvi, mlango wa chumba chake hata sijaugusa. Mwambie Mzee Ambrose apunguze.

Kazi inakwenda. Naamka wakati abiria wote wamelala, navaa nguo nyeupe, nashuka chini kwenye joto. Nikimaliza napanda juu kutazama maji. Sikujua bahari ni kubwa hivi. Wakati ule nabeba mizigo ya watu sokoni Tarakea na kulala juu ya magunia yao, ungeniambia nitakuwa na kitanda changu na pazia langu katikati ya maji, ningekucheka. Sina njaa, Shangazi. Siku nyingine nasahau kabisa kwamba niliwahi kuwa nayo.

Vitambaa nimevinunua leo. Nilikwenda dukani na rafiki yangu Humphrey, Mkenya anayefua na kupiga pasi nguo za maofisa. Ni vitambaa laini, utavipenda. Nimeviweka posta.

Babu ameambiwa? Kama bado, tafadhali usimwambie kwanza.

Wako,
Protas


Hounslow, 6 Mei 2024

Kaka Protas,

Mama amesema nikuandikie kwa Kiswahili na hakuna Kiingereza. Ni adhabu, kwa sababu alinisemesha mbele ya Padri nikamjibu Kiingereza. Amesema ataisoma kabla ya kutuma lakini ametoka shifti na amelala na viatu.

Kila mtu anaongea kuhusu mbuzi. Mama amefagia ua wa nyuma mara mia. Amempigia Babu simu pia, akamwambia wewe ni kapteni. Babu alilia. Sijawahi kusikia Babu analia, nilifikiri simu imeharibika.

Nina swali. Kwenye picha yako mikono ya koti imefika kwenye vidole. Na kifuani kuna jina. Nimelikuza. Si jina lako, ni la Mzungu.

Sijamwambia mama. Wewe ni kapteni kweli?

Gladness


Hounslow, Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Protas,

Leo sikuiti Kapteni.

Kifurushi kilifika Ijumaa. Sikukifungua, nikasema nikifungue mbele ya kamati baada ya misa, waone mtoto anavyonitii. Nikakata kamba kwa madaha yote. Vitambaa vya rangi ya ugoro! Rangi ya udongo! Mama Chancelle, yule Mkongomani, akakiinua kimoja dirishani: "Mama Eufrasia, njo kijani ya kwenu Tanzania hii?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Halafu nikaingia chooni nikafungulia maji ili wasinisikie.

Nilikuambia kijani. Cha jani la mgomba! Mtoto uliyekulia chini ya migomba, usiniambie hukujua. Hayo ni makusudi, kama yale uliyomfanyia baba yangu. Au umesahau? Kwetu mtoto akianza tu kutembea anajua kahawa inachumwa nyekundu, ya kijani inaachwa mtini iive. Wenzako wote walijua. Wewe kila msimu unaleta debe limechanganyika, umefokewa, umechapwa, hukukoma. Mpaka siku ile baba akaimwaga chini pale kwenye mashine ya kahawa ya kikundi, watu wote wanatazama, akasema huyu mtoto ana roho mbaya, anataka kuniharibia jina. Hapo ndipo ukaitwa Mbichi. Hapo ndipo akakutoa shuleni na nyumbani kwake, ukaishia kubeba magunia Tarakea. Mimi ndiye niliyekutetea. Nilisema ni mtoto, ataiva. Nimepiga magoti kwenye ofisi za watu mpaka ukafika hapa Hounslow, na malipo yangu ndiyo haya ya leo, kuchekwa mbele ya kamati.

Na baba nimemwambia, najua ulinikataza. Miaka yote hakuwahi kutamka habari zako. Safari hii alilia, akasema, "Mwambie Mbichi, kwa kuwa amekuwa mtu, nimemsamehe ile kahawa." Siku ya sherehe tutampigia kwa video. Utapiga magoti upokee msamaha wake, halafu ndiyo ukate ndafu. Mimi sitaki kingine duniani.

Lakini kwanza niandikie, unieleze kwa nini umeniaibisha.

Eufrasia


Bilbao, 27 Mei 2024

Shangazi,

Barua hii uisome ukiwa umekaa, na usimpe mtu.

Sikufanya makusudi. Si vitambaa, si kahawa.

Unakumbuka uliponisindikiza mpaka stesheni ya Waterloo niende chuo cha ubaharia, na chupa ya maji ya baraka mfukoni mwangu. Kabla ya kuandikishwa kuna daktari wa mabaharia. Akapima macho yangu, akanisifu yanaona mbali. Halafu akafungua kitabu chenye vidoa vya rangi, akaniuliza naona namba gani. Nikamwambia sioni namba, naona vidoa. Akafungua ukurasa mwingine. Vidoa. Nikadhani ananitania. Akamwita nesi, nesi akazisoma namba zote palepale huku anatafuna kitu.

Akanieleza taratibu kwamba nimezaliwa hivi. Kijani, nyekundu na kahawia kwangu vinachanganyika, na wengi wanaishi hivyo bila kujua, maana hawajawahi kuwa na macho mengine. Usiku meli hutambulikana kwa taa, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na asiyeweza kuzitofautisha hawezi kupewa zamu ya kuongoza meli. Akanipa pole. Mimi hata sikuwa nawaza meli. Nilikuwa nawaza kahawa. Ndiyo kwanza nimejua kwamba ninyi wote mlipoutazama ule mti mliona vitu viwili.

Shangazi, hata mimi niliamini nina roho mbaya. Mliposema nafanya makusudi, nilikuwa nalala nayatafuta hayo makusudi ndani yangu, niyatoe, nisirudie tena. Sikuyapata. Nikajua basi yamejificha sana.

Sikurudi Hounslow. Ningeingiaje mlangoni, watu wameshaniombea? Nikawaacha mdhani niko chuoni, nikaenda kwenye ofisi za meli, wakanipa kazi ya kuosha sufuria, na sasa naoka mikate. Ndiyo, mikate. Siujui mkate kwa rangi yake. Naujua kwa harufu, na kwa kuugonga chini, ukilia kama debe tupu umeiva. Naipenda kazi hii, na naona aibu kwamba naipenda.

Lile koti ni la afisa mmoja, lilikuja kupigwa pasi. Ulikuwa umeniandikia kwenye simu, "Nitumie picha niwafunge watu midomo." Humphrey akasema lijaribu, tukapanda juu, akanipiga. Nilipoituma tu nikatamani simu ingeanguka majini kabla haijafika kwako. Ilikuwa imeshafika.

Na vitambaa, pale dukani nilishika viwili mkononi. Ningemuuliza Humphrey kipi ni cha kijani, angejua kwamba sioni rangi. Nikachukua kimoja nikamwomba Mungu.

Sherehe siji. Waambie nimepata dharura, au waambie ukweli, utakavyoona mwenyewe. Na msamaha wa Babu siwezi kuupokea. Si kiburi. Nikiupokea nitakuwa nimekubali kwamba lile kosa lilikuwepo.

Protas, kama bado mimi ni wako


Hounslow, 10 Juni 2024

Kaka Protas,

Hii si adhabu, nimeamua mwenyewe.

Mama ameisoma barua yako jikoni, halafu akanipa mimi nimsomee kwa sauti, halafu akaninyang'anya katikati. Jumapili mbili hajaenda jumuiya, anasema mgongo. Mzee Ambrose amepiga simu na mama akanionyesha kwa mkono niseme yuko kazini.

Jana aliniambia, "Gladness, hiyo simu yako si inajua kila kitu? Inaweza kunionyesha anavyoona?" Kuna programu ya hivyo. Nikatafuta picha ya kahawa iko kwenye mti, nyekundu na kijani. Nikabonyeza, ikawa kama kwa macho yako. Mama aliangalia. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema, "Geuza tena." Nikageuza. Akasema, "Zinafanana." Halafu akasema, "Jamani, mbona zinafanana?" Kama ananiuliza mimi.

Alitoka nje kwenye ua na chakula kikaungua. Mama hajawahi kuunguza chakula.

Kuhusu koti, samahani niliuliza. Mikate ni kazi nzuri sana. Ukija niletee yenye zabibu.

Gladness


Hounslow, 18 Juni 2024

Mwanangu Protas,

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza nikaichana. Kila nikianza, mkono unataka kuandika lile jina. Nilikuwa najitetea, ni utani wa nyumbani tu, nakuita kwa mapenzi. Utani gani huo? Kila nilipokuita nilikuwa nakurudisha pale kwenye mashine, watu wanatazama. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu mpaka kazini natembea nimeinamisha kichwa, na hakuna anayejua nina nini.

Nami nilikuwa najisifu kwamba nilikutetea! Nilisema ataiva. Sikukuuliza hata siku moja, mwanangu, wewe unaona nini? Watu wazima wote wale, tumezaliwa ndani ya kahawa, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili nimekwenda jumuiya. Kile kiti cha mbele kilikuwa kinaningoja, sikukikalia. Baada ya sala nikasimama pale mlangoni kwenye makoti yao, nikasema, Protas si kapteni, si afisa, Protas anaoka mikate, na huyo kapteni nilimwacha akue midomoni mwenu kwa sababu mlinisogezea kiti. Ndege ikapita juu ya nyumba, nikaiomba isimalize kupita. Halafu Mzee Ambrose akauliza, "Sasa mbuzi?" Mzee yule! Nikamwambia mbuzi yupo palepale. Mama Chancelle akacheka, lakini akaja akanishika mkono. Wengine waliaga mapema. Najua watasema huko mbele ya safari, na waseme, ni haki yangu.

Jioni ile nikampigia baba. Nikamweleza yote, vidoa, taa, daktari. Akasema hakuna kitu kama hicho, rangi ni rangi. Nikamwambia, baba, ule msamaha wako uurudishe ulikoutoa, sisi ndio wa kuomba. Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu baba yangu hivyo. Akakata simu. Nililia, sikufichi.

Jana asubuhi akapiga mwenyewe, kwa simu ya jirani. Hakunisalimu. Aliuliza kitu kimoja tu, na akanikataza nisimjibu mimi. Amesema, "Muulize yeye. Ile kahawa niliyoimwaga, alikuwa ameichuma kutwa nzima?"

Nakuletea swali lake kama alivyolisema. Ukilijibu au usipolijibu, hakuna atakayekulazimisha. Jumamosi ile ya tarehe ishirini na tisa mimi na Gladness tutakuwa getini Tilbury. Ukitoka, toka na nguo zako za jikoni. Na ndafu hutaikata wewe. Nitaikata mimi, na wa kwanza kulishwa utakuwa wewe. Usipotoka, tutangoja mpaka meli iondoke, halafu tutarudi nyumbani.

Nitavaa kitambaa ulichoninunulia.

Shangazi yako,
Eufrasia


Leith, 25 Juni 2024

Shangazi,

Jumamosi nitatoka. Nitakuja na mikate, wa Gladness una zabibu.

Naogopa kuwatazama watu wa jumuiya usoni. Aibu bado ninayo, na wewe unayo, basi tutakaa nayo wote hapo mezani.

Mwambie Babu ndiyo, kutwa nzima. Nilitoka nyumbani umande haujakauka. Na mwambie sikuchuma ovyo. Kila moja niliishika, nikaigeuza juani, nikaitazama vizuri, ndipo nikaitia kwenye debe.

Protas